Karavani Iliyopita Njia ya Miguu

Kuhusu karavani yangu Mama alisema maneno machache tu: "Mpaka niione na macho yangu."

Niliitaka iwe saluni. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisuka watu nyumba kwa nyumba hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, mfuko wa rasta begani na vitana mkononi, na magoti yangu yalikwisha kuanza kunung'unika. Karavani yenyewe iliachwa na mainjinia wa barabara kwenye gereji moja ya Mbarara: chumba kidogo cheupe chenye madirisha, magurudumu mawili, na chuma mbele cha kuifunga nyuma ya gari. Nilikuwa nimeshainunua. Ila pa kuiweka Rubondo, mtaa wetu humu kambini, palikuwa mahali pamoja tu, pembeni ya kiwanja cha Mama, pale wanawake wanapopita wakitoka kuchota maji. Mama akikataa, ningebaki na saluni nzuri isiyo na pa kusimama.

Basi tukaenda naye Mbarara, amevaa kitenge chake cha kanisani. Aliizunguka karavani, akaigonga ubavuni kama mtu anayechagua sufuria, akapanda pikapu niliyoikodi kuivuta, akakaa katikati. Mama yangu akinyamaza, heri akutukane.

Dereva alikuwa mtu mzima wa Mbarara, mpole, aliyezoea kupeleka ndizi Kampala. Rubondo hakuwahi kufika. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina ramani kwenye simu. Simu yangu inaongea Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha niliyosomea, na sioni aibu kuringa nayo kidogo. Ramani ile ilinifikisha kwa wateja wangu wote, hata wale wanaokaa nyuma ya nyuma ya watu. Nikaandika Rubondo, yule mama wa Kifaransa wa ndani ya simu akakohoa takwimu zake, nikamtafsiria dereva: tutafika usiku, wakati watu wanalala.

"Eh, nyabo!" akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Usiku? Na sasa ni asubuhi?"

"Ndivyo inavyosema."

Akatafakari, akaangalia karavani kwenye kioo. "Hiyo simu iko na akili. Imeona hii trela iko zito. Imeona na barabara yetu."

Na mimi nikaona fahari, kana kwamba simu nimeizaa mimi.

Mpaka Kaberebere mambo yalikuwa mazuri. Tulikwenda kwa lami, watoto wakitupungia mkono, na kila nilipotazama muda wa kufika nikakuta tumeokoa saa nyingi. Nilimwambia dereva kwamba ana mguu mwepesi. Mbele kidogo simu ikasema tukate kushoto. Dereva akakata. Ikasema kushoto tena, tukaingia katikati ya migomba, majani yakipangusa madirisha ya karavani pande zote mbili. Ikasema twende moja kwa moja. Dereva akauliza moja kwa moja ipi, maana mbele yetu hapakuwa na njia, palikuwa na mstari mwekundu katikati ya majani, upana wa mbuzi wawili walioelewana.

"Simu inajua," nikasema. Nilisema kwa ukali, kama wanavyosema watu ambao wameanza kuogopa.

Tukatoka kwenye migomba, tukapanda kilima cha malisho, tukashuka upande wa pili, na njia ikaishia kwenye miti miwili iliyolazwa kufunga mlango wa ua. Ndani ya ua kulikuwa na ng'ombe, wale wa pembe ndefu, wanatutazama. Simu ikasema tuendelee mbele.

Dereva akajaribu kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba karavani ina tabia ya mtoto mkaidi: ukielekeza kulia, inakwenda kushoto. Akashuka, akafuta jasho. "Nyabo, mimi najua kwenda mbele. Nyuma, na hii kitu, sijui."

Mama, ambaye tangu Mbarara hakuwa amefungua mdomo, alichukua simu mapajani mwangu, akaisogeza mbali na macho yake.

"Juu ya nini huyu muntu anatembea na maguru," akauliza, "na siye tuko mu motokari?"

Nikatazama. Kulikuwa na kapicha ka mtu anayetembea. Nilikuwa nikikaona kila siku ya Mungu tangu nilipopata simu ile. Nilidhani ni mimi. Kumbe pembeni yake palikuwa na kapicha ka gari, ambako sikuwahi kukagusa, kwa sababu sikuwahi kuwa na gari. Nilikuwa nimeileta nyumba nzima kutoka Mbarara kwa njia ya kwenda kusuka.

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. Nilikasirika, kisha nikacheka na mimi, ingawa moyoni nilikuwa nalia, maana nilijua Mama sasa amepata sababu ya kukataa.

Mwenye ua akaja na fimbo yake. Nikafungua mdomo nimweleze shida yetu, Mama akanifinya. Kwao, alikokulia, mtu haingii kwenye ng'ombe wa watu akianza na shida. Akasalimia kwa lugha nusu yake nusu ya yule bwana, akauliza mvua, akasifu ng'ombe mmoja mmoja mpaka yule bwana akasahau fimbo. Tukaletewa maziwa. Nilikunywa kwa haraka, Mama akanitazama, nikaanza kunywa polepole.

Vikombe vilipoisha, hatukuhitaji hata kuomba. Yule bwana aliita majirani, wakaja wanaume na wanawake, wakaifungua karavani kutoka kwenye pikapu, wakaishika pande zote waigeuze kwa mikono. Nikamtafuta Mama nimsogeze pembeni. Alikuwa ndani. Alikuwa amepanda kuchungulia, na walipomwomba ashuke akakataa. Wakamgeuza naye, wakiimba, Mama yuko dirishani anawapungia mkono kama bibi harusi.

Tulirudi mpaka kwenye lami, nikagusa kapicha ka gari, tukafika Rubondo jua lingali juu. Dereva akasimamisha karavani pale pembeni ya kiwanja. Nikamgeukia Mama. Sijui kwa nini niseme uongo: nilikuwa tayari kupiga magoti.

"Lete matofali," akasema. "Weka chini yake. Halafu toa hayo maguru yote."

"Mama, tukitoa magurudumu, siku nikitaka kuihamisha je?"

"Nilikimbia na sufuria. Nilikimbia na mikeka. Nilikimbia na weye ku mugongo. Sitaki tena mu kiwanja yangu kintu yenye kujua kukimbia. Itakaa fasi moja, na bantu batajua kwenye iko."

Dereva aliyafungua yote mawili kabla hajaondoka. Nilipotaka kuyauza, Mama aliniwahi. Aliyaviringisha mwenyewe mpaka chumbani, akayasukuma chini ya kitanda chake.

Saluni ina wateja, na magoti yangu yamenisamehe. Juzi, habari za kwetu, kule tulikokimbia, zilipokuwa mbaya redioni, niliingia chumbani kwake kutafuta ufagio. Nikamkuta ameketi sakafuni, gurudumu moja mbele yake, anaondoa kutu na kulipaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. Nikakaa chini karibu naye, nikalivuta lile la pili.