Lami ya Mangapwani

Mwanakheri wa Mangapwani alikuwa msokota kamba. Maji yakishakupwa, aliyafukia makumbi ya nazi katika mashimo ya pwani, akayaacha yaoze miezi, kisha akayafukua na kuyaponda mpaka yakatoa usumba, nyuzi nyeupe za kusokotea kamba. Mumewe, Usi, alikuwa baharia. Aliondoka mwaka wa hamsini na mbili, na tangu hapo zilikuja salamu tu, mara kutoka Adeni, mara kutoka Abadani.

Kaskazi moja aliyakuta mashimo yake yamegandwa na lami. Madonge meusi yalitapakaa mchangani, mengine yamenata kwenye makumbi, na kazi ya miezi yote imekwenda bure. Alirudi nyumbani akaisugua miguu kwa mafuta ya taa huku machozi yakimlengalenga.

"Ni meli iliyozama wakati wa vita," alisema jirani yake, Bi Tabia. "Tumbo limeoza, sasa linavuja."

Wengine walisema mafuta hayo yanabubujika yenyewe chini ya bahari. Kila mtu na lake.

Siku alipokwenda Malindi, mjini Unguja, kuuza kamba zilizosalia, alikutana na Mabrouk, baharia wa meli moja na Usi, meli ya mafuta, amekuja kumuoza dada yake.

"Shemegi! Usi mzima, nimemuacha melini juzi tu."

Mwanakheri alimuuliza kwanza kama anakula vizuri, kama amekonda, kama bado anakoroma. Habari ya lami ilikuja mwisho. Mabrouk akainamisha kichwa.

"Huenda ikawa ni sisi. Mafuta yakishashushwa, matangi huoshwa njiani, na uchafu tunaumwaga baharini. Usi ndiye anayeingia ndani kusugua."

"Kumbe mnapita huku?"

"Mbali, shemegi. Unguja haionekani. Lakini tukipita, yeye husimama upande wa meli unaoelekea huku mpaka aitwe."

Mwanakheri alizikusanya kamba zake. Kisha akasema, "Mwambie aje. Mwambie nshachoka kungoja."

Jioni ile aliteremka pwani, akaokota donge moja. Hakujua kama limetoka meli ya Usi au ya mwengine, wala hakuwa na wa kumuuliza. Alilishika tu mpaka likalainika kiganjani, na hasira aliyokuja nayo hakuiona tena.

Usi alirudi mwaka wa hamsini na saba, kifua kimembana, mikono imebabuka. Walihamisha mashimo wakayachimba ndani ya kihori, kijimkono cha bahari kilichoingia nchi kavu, lami isikofika, wakawa wanaponda makumbi pamoja. Mwanakheri alikuwa amekipata alichokiomba. Lakini alasiri nyingi Usi alikwenda kukaa peke yake juu ya jabali, akiutazama moshi wa meli mbali huko, akiyataja kwa sauti ndogo majina ya wenzake aliowaacha.

"Usi! Chakula kinapoa!"

"Naam," aliitika, bila ya kugeuka.

Mwanakheri akafunika sahani, akaenda kukaa karibu naye.