Uzee wa Wiki Tatu

Mahona anajua kuchonga, lakini anajua zaidi kuzeesha. Mpe gogo la mninga lililokatwa juzi, rudi baada ya wiki tatu, atakukabidhi sanamu ambayo utaapa ilikuwepo kabla ya Wajerumani. Mimi ni jirani yake, naitwa Josia, nina pikipiki ya kubebea abiria, na mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Siyasimulii ili nimsifu. Nina hasira naye, na nina hasira na mimi mwenyewe pia.

Hakuzaliwa tapeli. Baba yake alichonga sanamu za ngoma, zile zenye mikono ya kuchezeshwa kwa kamba, ambazo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, walizinyanyua kwenye mashindano baada ya mavuno ili kuvuta watazamaji upande wao. Zilikuwa sanamu za kuchekesha. Mahona alipokuwa kijana alichonga karani wa pamba mwenye tumbo kubwa, akalitikisa lile tumbo uwanjani, watu wa Mwamapalala wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Baadaye spika na jenereta zikaingia uwanjani, sanamu zikawa kuni. Mahona akabaki kuchonga vinu na miiko.

Ndipo akaja Jumbe, mwenye duka la vinyago karibu na stendi pale Bariadi. Jumbe alikuwa na wateja Mwanza na Arusha, na wateja hao walikuwa na wateja wao Ulaya. Sanamu ya kwanza ya Mahona aliigeuza geuza, akaguna.

"Mzee wangu, usiwachekeshe hawa. Wateja wanataka sanaa ya makabila, ya kale. Watu wa kale hawakucheka."

"Babu yangu alikuwa anacheka," Mahona akajibu.

"Basi huyo hauziki."

Mahona akajifunza upya. Kichwa kikubwa, miguu mifupi, mikono ibane kiunoni, mdomo ufungwe, macho yasilingane. Kisha kuzeesha: wiki ya kwanza kinyago kinalala chini ya samadi mbichi zizini, mti upasuke na wadudu wauonje. Wiki ya pili kinaning'inia juu ya moshi. Wiki ya tatu ni ya samli na viganja, kusugua pale tu ambapo mikono ya watu ingeshika kwa miaka mingi. Na zaidi ya yote, mchongaji asijulikane. "Kitu cha kale, aliyekitengeneza amekufa," Jumbe alimwambia. "Siku ukisema umechonga wewe, kazi yetu imekwisha." Mahona akakubali kuwa marehemu, tena kwa furaha, na nyumba yake ikapata bati.

Moshi ulikuwa wa dada yake, Nyanjige. Alikuwa mkubwa kwake kwa miaka sita, mjane, watoto wake wote wametangulia, akarudi kuishi kwa ilumbu wake, maana hivyo ndivyo kaka na dada wanavyoitana kwa Kisukuma. Alipikia miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kama wanawake wengi wa kwetu wasio na kuni, na moshi wa vitu hivyo hauna mfano kwa kuzeesha vinyago. Hauna mfano kwa kuharibu macho pia. Macho ya Nyanjige yalikuwa mekundu tangu nimfahamu. Kwetu macho mekundu ya mama mzee huitwa ya mchawi, lakini yake hakuna aliyeyajali, kwa sababu alikuwa mtu wa utani na mikono yake ilijua kuzalisha wanawake. Mwanangu wa kwanza alipokelewa na mikono hiyo.

Mwaka jana Jumbe akaagiza kinyago cha mwanamke. "Mzee, anayetisha. Mganga au mchawi, wewe utajua." Mahona alihitaji sura, na uvivu ukamshika. Akainua macho, akamwona dada yake anapeta mchele ng'ambo ya uwanja, basi akamchonga yeye: mashavu yake yaliyotokeza, sikio lake la kushoto lililochanwa na hereni enzi za usichana. Machoni akapachika zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Kichwani akabandika singa za mkia wa ng'ombe alizoziokota machinjioni. Ilikuwa kazi ya kuogopesha, na mimi nilimpongeza.

Nyanjige alipokiona alicheka. "Ilumbu, umenichonga kama nimekasirikia dunia nzima!" Akakipokea, akakining'iniza mwenyewe juu ya mafiga yake.

Wiki hiyo hiyo ng'ombe watatu wa jirani yetu Dastan wakafa ndani ya siku mbili. Wote tulijua walikunywa kwenye dimbwi ambamo lilioshwa bomba la dawa ya pamba. Tulijua pia kwamba bomba lilikuwa la Dastan. Lakini mtu aliyepoteza ng'ombe watatu humwambii kwamba kawaua mwenyewe. Siku ya tatu mkewe, Winnie, akaenda kwa Nyanjige kuomba chumvi. Akainua uso, akakiona kinyago. Akatoka jikoni mle anapiga yowe, chumvi ameimwaga njiani yote.

Mkutano wa kitongoji ulikaa asubuhi ya Jumatatu. Mwenyekiti wetu, Constantine, aliweka kinyago juu ya meza mbele ya watu. Sura ya Nyanjige, sikio la Nyanjige, macho mekundu, masizi, na singa za ng'ombe. Dastan akaapa kwamba zile ni singa za ng'ombe wake.

"Mayu, hiki ni chako?" Constantine akamwuliza Nyanjige, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Si changu, ni cha Mahona," Nyanjige akasema, wala hakuwa na wasiwasi. "Kachonga mwezi huu huu. Nilikuwa namkaushia tu. Mwulizeni, si yule pale?"

Tukamgeukia Mahona. Alhamisi Jumbe alikuwa anamleta mnunuzi. Nilimwona akitafuta neno la kumwokoa dada bila kuua biashara, na nilimwona akilipata. Hata uso wake ulichangamka kidogo.

"Hiki ni cha zamani," akasema. "Kilikuwa cha marehemu babu yetu. Dada anakitunza tu, kama mkubwa wa nyumba."

Mjinga yule! Alidhani kitu cha urithi hakina kosa. Amezaliwa kwetu, amezeekea kwetu, na akasahau kwamba kwetu uchawi haununuliwi dukani. Mtu anaachiwa na babu, na anayeachiwa ni mkubwa wa nyumba. Nyanjige alimtazama kaka yake kwa muda mrefu, naye Mahona akatazama viatu vyake. Constantine akasema wanaotaka huyu mama aondoke wanyooshe mikono. Nilinyoosha wangu. Sikuunyoosha juu sana, lakini niliunyoosha.

Kesho yake Mahona akaamka na akili zake. Akazunguka nyumba kwa nyumba, akaeleza samadi, moshi, samli, akaonyesha tezo na vipande vya mninga. Watu wakamjibu jibu moja: jana ulikuwa wapi? Alhamisi Jumbe akafika na mgeni wake, Mahona akamkimbilia mbele yetu sote, akamshika shati.

"Jumbe, waambie! Waambie ni kipya!"

Constantine akamkabidhi Jumbe kinyago. Jumbe akakichunguza, akanusa, akapitisha kidole kwenye ufa. Mgeni wake alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, anasikiliza kila neno.

"Wazee wangu, nimefanya kazi hii miaka ishirini," akasema. "Hiki hakipungui miaka mia."

Mahona akakaa chini kwenye vumbi. Ufundi wake wote ulikuwa umesimama kutoa ushahidi dhidi ya dada yake. Watu walitaka kukichoma, Jumbe akasema afadhali akipeleke mbali, sisi tukamshukuru. Aliondoka nacho bure, kikiwa na hadithi yake ya kweli kabisa ya kumsimulia mnunuzi.

Jumamosi vijana wakabomoa jiko. Wakamwaga mtama wa Nyanjige chini, wakaukanyaga ili asiuokote. Alipita mbele ya nyumba zetu na furushi lake kichwani, akawa anasalimia kila mlango, "Mwangaluka," kama mtu anayekwenda mnadani. Hakuna aliyeitikia. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni, lilirushwa na mwanamke ambaye Nyanjige alimzalisha mapacha. Mke wangu alifunga mlango, na mimi nilikuwa ndani. Nyanjige alikwenda Lalago kwa binamu yake; habari zikamfuata, akafukuzwa siku ya nne. Baadaye tukasikia yuko Nkololo, amehifadhiwa kwenye banda la mtu asiyemjua.

Ukweli ulikuja baada ya miezi miwili, kwa ukaidi wa Mahona. Alichonga kinyago cha pili nyumbani kwa Constantine, mchana, mbele ya kila mwenye macho. Akakizika kwenye zizi la Constantine, akakikausha kwa moshi wa mke wa Constantine, akakisugua kwa samli yao. Wiki ya tatu ilipokwisha kilikuwa pacha wa kile cha kwanza. Watu walikipokezana mkono kwa mkono. Dastan alikishika, akakirudisha haraka, akaondoka. Constantine akasema, "Basi, tumeona. Kamlete dada yako." Hakuna aliyesema samahani, wala mimi.

Nikampakia Mahona kwenye pikipiki mpaka Nkololo. Tulimkuta Nyanjige anabangua karanga kivulini mwa banda. Alikuwa amekonda, jicho moja limefunga kabisa. Mahona akapiga magoti, akamweleza yote: kinyago cha pili, mkutano, maneno ya mwenyekiti.

"Kwa hiyo wamejua ni uongo," Nyanjige akasema.

"Wamejua, ilumbu. Wote. Wanakusubiri nyumbani."

"Wao wamejua wiki hii." Akavunja ganda, akatia karanga ungoni. "Wewe ulijua siku ile ile."

Nyanjige hakutukana, hakulia, hakutufukuza. Aliendelea kubangua karanga kama vile hapakuwa na mtu mbele yake, mpaka tulipochoka kusimama tukaondoka.

Tulipofika nyumbani watu walikuwa wametoka barabarani. Mama wa wale mapacha alikuwa ameleta kuku. Constantine akauliza mgonjwa wetu yuko wapi, maana tayari walikuwa wameshaanza kumwita mgonjwa wa macho, si mchawi tena.

"Hatukumkuta," Mahona akasema. "Amehama, hakuna anayejua alikokwenda."

Wakanigeukia mimi. Nikasema ni kweli, hatukumkuta.