Baragumu la Arizona

Kwa zaidi ya miaka kumi nilisisitiza, mara moja nikiwa nimeshika Biblia ya mama, kwamba sikuongeza neno. Leo nakiri. Niliongeza baragumu.

Baba alikuwa ameteremka Same kununua koti la mitumba, maana ukungu wa Mhezi, kijiji chetu cha milimani, haujali kwamba dukani hakuna nguo. Mfukoni mwa koti tulikuta ukurasa wa gazeti la watoto la Kiingereza, umechanika kwa chini: mambo ya kufurahisha kuhusu Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani. Nilikuwa kidato cha pili, msomi pekee wa nyumba, na sikuona haya kulisema. Nikakaa kwenye kigoda nikawatafsiria. Kuna ndege anayeweza kuruka lakini anapendelea kukimbia. Kuna mmea wa miiba mrefu kuliko nyumba, unaokunywa mvua moja na kuiweka tumboni hadi inayofuata. Kuna daraja lililobomolewa London, mawe yake yakasafirishwa na kujengwa upya jangwani. Baba alisema anayehamisha daraja ana nafasi.

Jambo la mwisho lilianza: "Watu wa kale wa jangwa hili walichimba..." Hapo karatasi ikaisha.

Msomi hasemi hajui. Nikasoma hewani: walichimba mifereji na ndiva kama yetu, na siku ya kazi mzee mmoja alipiga baragumu, kila nyumba ikatoa mtu. Baba akaniomba nirudie.

Yeye ndiye aliyesimamia ndiva yetu, bwawa linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Ndiye pia aliyepiga baragumu la msaragambo, kazi ya wote ya kuzoa tope. Mwaka huo watu walikuwa wameanza kutega kazi. Jirani yetu mwenye duka, ambaye biashara huria ilikuwa imemnenepesha, alisema kuitana kwa pembe ni mambo ya ujamaa, na ujamaa umekwisha. Mkutanoni baba akamjibu kwa ukurasa wangu: Wamarekani ndio wenye biashara huria yenyewe, na kwao watu waliitana kwa baragumu. Jumamosi hiyo walijaa hadi majembe yakagongana.

Mwenye duka akampachika baba jina, Mzee wa Arizona, na kila aliponiona aliuliza hilo baragumu nililisoma wapi. Nilimjibu kwamba limeandikwa. Nilisema hivyo nikiwa sekondari, nikasema tena nikiwa chuo kikuu, mahali nilipofundishwa kutaja chanzo. Nilijua uongo wangu ukifichuka, atakayechekwa ni baba. Atapuliza pembe na hatakuja mtu.

Kisha mdogo wangu akapata nafasi ya kusoma, tena Arizona yenyewe. Baba alimwagiza jambo moja tu: akaulizie.

Alipiga simu Jumapili moja nikiwa nyumbani. Simu pekee iliyoshika mtandao ilikuwa ya mwenye duka, naye hakuondoka hata hatua moja.

"Dada, mifereji ipo," mdogo wangu alisema. "Ya watu wa kale kabisa, walichimba kwa mikono. Hata ya siku hizi mingine imefuata njia zilezile."

Nikaanza kupumua.

"Ila baragumu nimemuuliza anayetembeza wageni. Anasema hajapata kulisikia."

Niliwaeleza baba na mwenye duka yote aliyosema, safari hii bila kuongeza. Mwenye duka alitabasamu kama mtu aliyelipwa. Nikamgeukia baba, nikamwambia karatasi ilikuwa imechanika, na baragumu nililitunga mimi.

Baba hakunitazama. Alinyoosha mkono akachukua simu.

"Mwanangu, hiyo mifereji ni mirefu?" Akasikiliza. "Aliichimba mtu mmoja?" Akasikiliza tena. "Basi kuna aliyewaita."

Akamrudishia mwenye duka simu yake.

"Jumamosi saa moja," alimwambia. "Njoo na koleo."