Koti la Mpiga Picha

Siku ile bado ninayo puani, mwanangu, kwa sababu ilikuwa na harufu ya mpunga mpya. Nilikuwa msichana kijijini kwetu, upande wa Kabambare. Mahari yangu ilikuwa imeshafika kutoka Nyangwe, na kiangazi kikianza ningechukuliwa kwenda kuolewa kule, kando ya Lualaba. Njia ilikuwa ya miguu, na bibi yangu Feza, mama wa mama, aliyenilea, magoti yake yalikuwa yamechoka. Nilijua kwamba nikienda, huenda nisimwone tena. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: niondoke na picha yake.

Basi akaja mpiga picha kutoka Kasongo, kwa baiskeli. Jina lake Amisi. Alikuwa mtu mzuri, simsemi vibaya. Usiku alilala kwa bibi, akala wali na sombe yetu, mboga ya majani ya muhogo, akasifu, akaongezewa. Asubuhi alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba, kisha akafungua sanduku lake. Mle ndani, pamoja na chombo cha picha, mlikuwa na koti jeusi, tai, miwani ya jua, redio isiyo na mawe yake, yaani betri, na kwa ajili ya wanawake, sakoshi nyekundu ya kushika mkononi.

Ninyi mtacheka. Lakini siku hizo mtu hakusimama mbele ya chombo cha picha na vitu vyake. Koti lilitoka kwa huyu likaenda kwa huyu, bado lina joto la jasho. Mwembamba alipotea ndani yake, mnene hakuweza kulifunga. Mjomba wangu, mhunzi aliyetengeneza majembe ya kijiji kizima, alilivaa naye, na ile mikono yake yenye alama za moto akaificha mifukoni. Tuliona kwamba hiyo ndiyo heshima. Mimi mwenyewe nilishika sakoshi.

Kutwa ikapita. Amisi akatazama chombo chake, akatangaza kwamba imebaki picha moja, basi, nyingine mpaka mwaka mwingine. Na bibi alikuwa bado. Mtoto wa sultani wetu wa kijiji naye alikuwa bado, amekwisha kuvaa koti, amekwisha kushika redio.

Nikakimbia kwa bibi na sakoshi mkononi. Akaitazama kama mtu anavyotazama chura ndani ya chungu.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya foto, bibi. Kila mutu anashika."

"Kule Nyangwe ukinikumbuka, utakumbuka sakoshi?" Akaingia ndani. "Waambie waningojee. Ninavaa."

Alipotoka, watu walipiga kelele. Alikuwa amenawa uso, amejipaka mafuta mpaka anang'aa, na shanga zake za samawati zilikuwa shingoni. Lakini mgongoni alikuwa na kitunga chake kimejaa mpunga, kamba ikipita kwenye paji la uso, mwili umeinama kidogo mbele kama alivyoinama miaka yote. Akaenda kusimama mbele ya lile shuka, palepale alipokuwa mtoto wa sultani. Yule kijana akasogea. Nani angemsukuma bibi?

"Bibi," Amisi akasema, na alisema kwa upole, "hapa si ku shamba. Watu wakiona hii mu foto watasema sisi ni watu wa porini."

"Na ule wali uliokula jana usiku, uliota wapi? Mu sakoshi?"

Watu wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Amisi akajaribu tena. "Bibi, huyu mutoto wa sultani alitangulia."

"Alitangulia kuvaa. Kula, ulikula kwangu."

Kwetu, mgeni aliyekula kwenye nyumba hamnyimi mwenye nyumba kitu cha kwanza anachoomba. Amisi alilijua hilo vizuri kuliko picha. Akainama kwenye chombo chake, akapiga.

Mwezi hadi mwezi, picha hazikuja. Mimi nilikuwa ninafunga mizigo yangu ya Nyangwe pale baiskeli ya Amisi iliporudi. Tukajaa uani. Na hapo ndipo aibu ilipotukuta, mwanangu. Lile shuka jeupe lilikuwa limekamata jua lote, na nyuso za watu zilitoka nyeusi, pua haionekani, macho hayaonekani. Kilichoonekana vizuri ni koti. Koti, tai, redio. Koti, tai, redio. Amisi akiinua picha na kuuliza "Huyu nani?", kijiji kizima kinanyamaza.

Wanaume wawili walishikana mashati kwa ajili ya picha moja. Mke wa mmoja akaichukua, akaigeuza juani, akasema, "Hii ni ya bwana wangu. Masikio hayo hayana mwenzake mu kijiji hiki." Jirani yake akajibu, "Chukua, mama, chukua. Masikio hayo hakuna anayeyagombea." Mke wa mjomba wangu mhunzi alizitazama zote, moja moja. Hakumpata bwana wake. Mikono ndiyo ingemwonyesha, na mikono ilikuwa mfukoni.

Kisha Amisi akainua ile ya mwisho. Uso wa bibi nao ulikuwa mweusi kama nyuso zote. Lakini hata watoto waliokuwa mbali, mlangoni kwa ua, walipiga kelele, "Bibi Feza!" Ile kamba ya paji la uso, ile shingo, ule mkono mmoja ulioshika nyuma chini ya kitunga. Nani angekuwa mwingine?

Bibi hakujisifu. Alimtazama mjomba, akasema mbele ya watu wote: "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Leo nimeona kwamba inaficha hata uso."

Nilikwenda Nyangwe na picha hiyo. Wanawake wa kule, watu wa samaki na mitumbwi, waliniuliza, "Huyu ni nani?" Nikawaambia. Wakasema, "Kumbe kwenu ni watu wa mpunga." Unaona? Bibi mmoja, ameinama na kitunga chake, amewaambia watu wasiomjua habari za nchi nzima. Miaka mingi sasa amelala kaburini, na mimi nimehamia huku Kasongo kwa watoto wangu, na picha ninayo.

Sasa sikiliza kwa nini ninayasema haya leo.

Mjukuu wangu Shabani, ambaye kwa desturi yetu ni bwana wangu na ninamtania ninavyotaka, anapiga picha kwa telefone. Watu wa Kindu wanaandaa onyesho la picha, wanataka sura ya nchi yetu na watu wake. Yeye akapanda pikipiki mpaka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope, akanionyesha kazi yake. Kijana amesimama shimoni, matope mpaka kifuani, miguu mitupu, macho chini kama wa msiba.

Nikasogeza telefone karibu. "Bwana wangu, huyu si Kalume, mutoto wa jirani? Yule anayecheka hata kwenye matanga?"

"Ndiye, bibi. Nilimwambia asicheke. Alikuwa amekwisha kunawa, nikamwomba arudi mu matope. Na mabuti nikamwambia avue."

"Mabuti yake mwenyewe?"

"Yake. Lakini watu wa mbali wanapenda ile ya mateso, bibi. Ile ndiyo inachaguliwa."

Nikaenda kuchukua picha ya bibi Feza, nikamweleza habari ya koti. Akacheka sana. Nikangoja acheke amalize. Kisha nikamwambia, "Amisi aliwavika watu koti lisilo lao. Wewe umemvika Kalume matope aliyokwisha kuyanawa. Mmepishana wapi?"

Siku iliyofuata alipanda pikipiki tena, njia ile ile mbaya, ingawa watu wa Kindu walikuwa wanamharakisha. Safari hii alimsalimu Kalume kwanza, akakaa, akamwuliza anataka kuonekana na nini. Kalume akarudi naye huku kwetu mpaka nyumba ya mama yake, aliyoiezeka mabati kwa jasho la shimo lile, akasimama mlangoni na mabuti yake, matope kidogo, kinywa wazi, pengo la jino linaonekana. Mama yake nyuma anamkemea afunge mdomo. Kama itachaguliwa, sijui. Lakini mtu yeyote wa hapa akiiona atasema, "Kalume!" Na wa mbali atajua kwamba chini ya matope yale kuna watu wanaojenga.

Basi, mwanangu, wewe mwenye telefone mfukoni, shika neno hili. Nchi haina uso wake yenyewe. Ina nyuso za watu, na kila uso una mwenyewe. Usimpige mtu picha hujamsalimu. Usimpambe kwa utajiri usio wake ili tusichekwe, wala usimvue alicho nacho ili tuhurumiwe. Huruma nayo ni koti, tena koti zito, na anayelivaa sana husahau kulivua. Mwulize anataka kusimama na nini, kisha ungoje, hata kama imebaki picha moja.

Shabani amesema kesho ni zamu yangu. Nimemwambia nitavaa viatu vyangu vya kanisani, nitashika mchi, na kinu kitakuwa mbele yangu. Akauliza, "Bibi, viatu vya kanisani na kinu?" Viatu ni vyangu. Mchi ni wangu. Yeye apige tu.

Mungu akupe macho yanayongoja, mwanangu, na mkono usiotetemeka. Kila mlango utakaoubisha ufunguliwe kwa karibu na sahani. Na siku yako ikifika ya kusimama mbele ya shuka jeupe, hata jua likiuficha uso wako, watoto walio mbali uani wakujue, waliite jina lako kwa furaha.