Debe la Mama Neema

Nikipita Karatu msimu wa kahawa, nikanusa maganda yanayochacha karibu na kinu, hamu ya mama hunishika hadi nasimama njiani kama mtu aliyesahau kitu.

Mama alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Ganako. Likizo zikifika nilikwenda naye kuchuma. Alikuwa na madaha huyo! Alichuma nyekundu tu, moja moja, huku akiimba, na akikuta mbichi kikapuni mwangu alinifinya sikio. "Hii ilikuwa bado inanyonya. Mbona umeiachisha ziwa?"

Kisha akaja mnyapara mpya. Jioni, wakati wa kupima, debe la mchumaji mmoja, shemeji yake mnyapara, lilipokelewa likiwa limejaa hadi ukingoni, basi. La mama mnyapara alilitikisa, akaligonga kwa goti, buni zikashuka. "Bado, Mama Neema. Jaza mpaka lipande kilele." Ikawa hivyo kila siku. Mama aliuliza mara moja tu, mbele ya watu: "Kwani debe si lile lile, baba?"

"Ukichoka, njia unaijua."

Kesho yake hakuimba. Alikamua matawi kwa kiganja. Mbivu, mbichi, majani, vyote ndani. Nilipomwonyesha mbichi alisema, "Weka tu."

Nilikuwa na miaka tisa, mlokole kuliko mchungaji. Nikaona mama anapotea, lazima nimwokoe. Kila alipogeuka nilichambua zile mbichi na kuzitupa chini ya mikahawa. Jioni debe lilikuwa limepungua robo nzima. Mnyapara akacheka, akamrudisha shambani. Wenzetu wakaenda zao, sisi tukabaki tunachuma, mama akiinama huku ameshika kiuno.

Njiani nilikiri, sikio nikiwa nimelitega tayari kwa kufinywa. Mama alisimama, akanitazama. "Umechuma vizuri, mwanangu," akasema, kisha akalia.

Sikuelewa. Nilijua tu kwamba mama yangu amekuwa mvivu. Ilinibidi niajiriwe, nami nipimwe kwa debe gumu kuliko la wenzangu, nijikute nafanya kazi bora liende, ndipo nikajua alichonyang'anywa pale. Aliipenda kazi ile. Ningetoa chochote nimsikie tena akiimba kwenye mikahawa.

Miaka yote ile nilimwonea aibu, na nadhani alijua.