Siku Apolonia Alipotambaa Mara Tatu

Apolonia Masalu alikuwa na miaka arobaini na mitatu, cherehani mbili, na baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Polio ilimpata akiwa mtoto wa miaka mitatu na kumwachia miguu miembamba isiyobeba kitu. Alikua akitambaa, malapa yamevaliwa viganjani, watu akiwafahamu kwa magoti yao kabla ya nyuso. Kisha Jilala, fundi wa kuchomelea ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza karasha za kusagia mawe ya dhahabu, alimuundia ile baiskeli kwa vyuma vilivyobaki. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa sasa, viganja vya Apolonia vilikuwa havijagusa tena vumbi la mji wa Ushirombo.

Mjini alijulikana kwa mambo mawili. Kwanza, sare zake za shule hazikufumuka. Pili, mteja akichelewa kufuata nguo, Apolonia alimpelekea mpaka mlangoni, na maneno akampelekea pia.

Mwezi wa saba aliletewa kazi ya majoho ya kwaya na Mama Noela, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ya kanisa moja la mabati ya bluu lililoko njia ya kutokea mjini. Apolonia ni Mkatoliki, lakini joho ni joho. Siku ya kuyachukua, Mama Noela alikagua mishono, akaridhika, kisha akatoa daftari kwenye mkoba.

"Tuna wageni kutoka nje," alisema. "Watumishi wa Mungu. Wanaleta viti mwendo sitini kwa ajili ya walemavu. Nimekuandika namba saba."

"Mimi nina baiskeli, Mama Noela."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Siku hiyo usije nayo."

Apolonia aliweka mkasi chini na kusubiri maelezo. Yalikuja polepole. Kamati ilikuwa imewaandikia wageni kwamba walemavu sitini wa eneo hili hawana msaada wowote na wanatambaa. Wageni wakajibu kwamba watapiga picha sitini za watu wakitambaa na sitini za watu wameketi. Shida ilikuwa kwamba kamati, baada ya kuzunguka mjini kwa siku mbili, ilikuwa imepata walemavu thelathini na wanne tu, na wengi wao walikuwa na fimbo, magongo, au, kama Apolonia, usafiri.

"Machimboni wako wengi," Apolonia alisema. "Kuna vijana walioangukiwa na udongo wakichimba kwenye mashimo ya maduara, wamelala ndani. Mtafutieni mtu gari akawachukue."

"Gari linabeba maji ya kunywa ya wageni kwa siku tatu."

"Siku zote tatu?"

"Wanakunywa sana," alisema Mama Noela.

Hapo Apolonia akamkumbuka Vumilia. Vumilia alikuwa anaosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo mmoja nje ya mji, na alikuwa na binti wa miaka tisa, Wema, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Shingo ya Wema haikukaa sawa na miguu haikunyooka, lakini akili yake ilikuwa timamu na kicheko chake kilisikika mbali. Mama yake alimbeba mgongoni kila aendako. Mtoto alikuwa amekua, mama alikuwa amepungua, na siku hizi ilikuwa vigumu kusema nani anamning'inia nani.

"Mwandike Wema wa Vumilia," alisema Apolonia.

"Orodha imejaa."

"Si umesema mna thelathini na wanne?"

"Imejaa jana."

Ilikuwa imejaa kweli. Mama Noela alimwonyesha. Namba thelathini na tano ilikuwa mama mkwe wa mchungaji wao. Namba arobaini ilikuwa golikipa wa timu ya vijana wa kanisa, aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye mechi dhidi ya timu ya Runzewe. Namba hamsini na mbili ilikuwa Mzee Otmar, ambaye wiki hiyo hiyo aliswaga ng'ombe wake kwa miguu mpaka mnadani na kurudi.

"Mzee Otmar ana nini?"

"Magoti yanamsumbua akisali."

Apolonia alichukua tena mkasi wake. Kisha akasema atakuja bila baiskeli, na atatambaa kama wanavyotaka, ila Wema aingie kwenye orodha badala ya golikipa. Mama Noela alifikiria. Akasema golikipa hawezi kutoka kwa sababu ni mtoto wa katibu wa kamati, ila mtu mwingine anaweza. Akafuta jina moja kwa kalamu, akaandika Wema.

"Na utatambaa kidogo tu," aliongeza kumfariji. "Hatua chache."

"Mtu anayetambaa hana hatua," alisema Apolonia.

Jumamosi kulikuwa na mazoezi. Kamati iliwapanga wahitaji kwenye mikeka na kuwaeleza namna ya kukaa: vichwa chini, mikono mapajani, wasicheke. Wema alicheka mazoezi yote. Golikipa alikuja anachechemea mguu wa kushoto, na alipoambiwa kuwa picha yake ya mechi inaonyesha alifungwa bandeji mguu wa kulia, akabadilisha bila ubishi.

Jumapili wageni wakafika, kumi na mmoja, wamevaa fulana za rangi moja. Kiongozi wao alikuwa Mchungaji Garet, mtu mrefu, mweupe aliyeiva kwa jua, na mkalimani wake alikuwa Wiliam, mwalimu wa sekondari mwenye koti na sauti nzuri. Kwaya ikaimba ndani ya majoho mapya. Licha ya ahadi, Apolonia alikuwa amekuja kwa baiskeli yake mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyetumwa kumchukua kilomita mbili za kichanga, na kamati ilikuwa imeificha nyuma ya choo.

Jina lake likaitwa. Kiti kiliwekwa umbali wa kama mita nane, mbele ya turubai, na kati yake na kiti kulikuwa na ardhi tupu iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Apolonia akatoka kwenye mkeka, akatambaa. Viganja vyake vilikuwa vimezoea kitambaa, si changarawe. Alipofika katikati, mbuzi akapita mbele ya kamera, na mpiga picha akaomba kwa upole arudie. Akarudi, akaanza upya. Mara ya pili mpiga picha akasema jua liko nyuma yake, uso hauonekani, kiti kihamishiwe upande mwingine. Kikahamishwa. Mara ya tatu Apolonia hakumwangalia mtu. Aliona soksi mpya za Mama Noela, viatu vya golikipa vyenye njumu, na vidole vya Vumilia vilivyopasuka kwa maji ya mwalo, akagundua kwamba alikuwa amekwisha kusahau kabisa dunia inavyoonekana ukiwa pale chini. Akafika.

Mchungaji Garet alimnyanyua kwa mikono yake mwenyewe na kumweka kitini. Alikuwa analia. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Apolonia alilitaja hilo kila aliposimulia habari hii baadaye, kwa sababu hakutaka kumsingizia mtu. Kisha Garet akapiga magoti, akauliza jambo, na Wiliam akatafsiri:

"Anauliza unajisikiaje, kwa mara ya kwanza maishani kuweza kwenda unakotaka."

Apolonia alimwangalia yule mzungu, akaona anauliza kwa moyo, naye akamjibu kwa moyo. "Mwambie namshukuru kwa safari yake. Lakini mimi nimefika hapa naendesha mwenyewe. Baiskeli yangu iko nyuma ya choo. Mwambie wanaohitaji viti wako machimboni, hawakuletwa. Na hivi vigurudumu vya mbele ni vidogo, kwenye kichanga chetu havitaenda."

Wiliam aligeuka, akaweka mkono kifuani, akasema maneno matatu au manne ya Kiingereza. Watu wote kumi na mmoja wakapiga makofi.

"Umewaambia nini?" aliuliza Apolonia.

"Nimewaambia Mungu ni mwema."

"Mimi sikumtaja."

"Mama, jua ni kali," alisema Wiliam. "Tuko namba saba."

Wema alikuwa namba ya mwisho kabisa. Kiti alichopewa kilikuwa cha mtu mzima. Alizama ndani yake kama mzigo, kichwa kikaangukia begani, na Vumilia akamfunga kwa kanga ili asiteleze. Walipotoka getini magurudumu ya mbele yakazama mchangani. Vumilia akamtoa mtoto, akamweka mgongoni, kisha akakibeba na kiti kichwani. Alikuwa amekuja na mzigo mmoja, akarudi na miwili. Wageni walikuwa wamekwisha kuingia kwenye magari. Kesho yake walikuwa na ratiba ya kutazama simba.

Apolonia alirudi kwenye kibanda chake cha kushonea na kwa wiki mbili hakutaka kuzungumza habari hizo. Alishona. Lakini akizunguka kupeleka nguo za watu, alikuwa anaviona vile viti. Kwa mama mkwe wa mchungaji kilikuwa sebuleni, kimetandikwa vitambaa vya kufuma, na hakikaliwi. Golikipa alikuwa anasombea madumu ya maji kwa chake. Mzee Otmar aliegesha chake barazani na kusikilizia redio, kisha kipindi kikiisha anasimama na kwenda kukamua.

Siku ya kwanza ya kuvikusanya alianzia kwa Otmar.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Karibu."

"Nimefuata kiti. Kuna vijana machimboni wanakihitaji, wamelala ndani."

"Hiki nimepewa na watumishi wa Mungu," alisema mzee. "Kina jina langu."

"Ndiyo, na picha yako wanayo. Wamesema mwakani wanarudi kuangalia kila mtu anaendeleaje. Wewe utakuwa unatembea. Watakupandisha jukwaani utoe ushuhuda jinsi ulivyopona, mbele ya watu wote, na mbele ya wale uliowauzia ng'ombe juzi. Mimi nikiulizwa, nitasema ninachojua."

Mzee Otmar aliizima redio. Kisha akaisogeza, akasukuma kiti mpaka kwenye baiskeli ya Apolonia na kukifunga nyuma kwa kamba mwenyewe. Habari ilitembea haraka kuliko Apolonia. Alipofika kwa golikipa alikuta kiti kimeoshwa, kiko nje. Mama mkwe wa mchungaji alitoa chake na kubakiza vitambaa.

Viti kumi na tisa, cha Wema kimojawapo, vilifika kwa Jilala. Jilala alivizunguka, akapiga teke dogo gurudumu la mbele, akasema hiki ni kiti cha kutembelea hospitalini kwenye vigae. Akakata mbele yote. Akaweka gurudumu moja kubwa la baiskeli, akalisogeza mbele ili kiti kisipinduke, akatengeneza na mpini wa kusukumia. Cha Wema alikianza na kukirudia mara mbili: alipunguza upana, akaweka ubao wa kushikilia kichwa, na Apolonia akashona mikanda na mto kwa mabaki ya majoho ya kwaya. Siku Wema aliposukumwa juu ya kichanga bila kuzama, alipiga kelele njia nzima mpaka waosha dhahabu wakaacha kazi kuangalia.

Mwaka uliofuata Garet akarudi kweli. Mama Noela alimtumia Apolonia ujumbe kwamba yale mavyuma yaliyoharibiwa yafichwe. Apolonia akayaleta yote, yamekaliwa na wenyewe, Wema na vijana wa machimboni, yakapangwa mbele ya kanisa. Garet alitembea mstari mzima. Akachuchumaa, akazungusha gurudumu, akauliza jambo. Wiliam akafungua kinywa, akamwona Apolonia anavyomtazama, na kwa mara ya kwanza akatafsiri kila neno, swali na jibu, hata habari ya choo. Ilichukua karibu saa nzima. Masikio ya Garet yaligeuka mekundu kuliko jua lilivyoweza kuyafanya.

Baadaye ilikuja barua kutoka ofisini kwao ng'ambo. Ilisema viti vilivyobadilishwa haviwezi kuhesabiwa kwenye taarifa ya maisha yaliyobadilishwa. Ilisema pia kontena lingine la viti sitini, vya aina ile ile, liko njiani. Lakini kabla ya kontena kilifika kifurushi kilichotumwa kwa Jilala, bila fulana wala barua, kimejaa beringi mpya, na nje kimeandikwa kwa mkono jina la mtumaji, Garet.

Januari Wema alipelekwa kuanza darasa la kwanza. Kiti hakikupita mlangoni, na mwalimu mkuu akasema labda mtoto angesubiri mpaka serikali ijenge darasa jingine. Apolonia hakubishana naye. Aliondoka, akarudi na Jilala, na Jilala akaja na nyundo, patasi na fremu ya mlango mpana zaidi aliyokuwa amekwisha kuichomelea.