Wiki Moja Bila Dada

Dada yangu alifanya kazi chini ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Nasema chini kwa sababu chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, ngazi kumi na nne kutoka mlango wa nyuma, na madirisha yake yalikuwa juu karibu na dari, hivyo waliokuwa ndani waliona viatu vya wapita njia tu. Dada aliwajua madaktari wengi kwa viatu vyao na alinisimulia habari zao hivyo hivyo. Mwenyezi Mungu amrehemu, tumemzika wiki tano zilizopita, na juzi barabarani nilipoona viatu vya kahawia vilivyolika kisigino upande mmoja, kama vya daktari mmoja wa hadithi zake, nilisimama nikamtazama mwenye viatu kama ndugu yangu aliyepotea.

Naandika haya kwa ajili ya watoto wangu waliomwita mama mkubwa, maana wanamjua kwa upole wake wa nyumbani tu. Kazini kwake hawakufika.

Mama yetu alifariki mimi nikiwa na miaka sita na dada kumi na saba. Baba alikuwa ameshatangulia. Shangazi zetu walitaka kutugawa, mmoja huku, mmoja kule. Dada akaenda hospitali kuomba kazi. Alipoulizwa anajua nini, alijibu anajua kufua. Nimesoma mpaka kidato cha nne kwa mikono ile, ambayo ilinukia sabuni hata siku za mapumziko.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mkunjaji tu. Msimamizi wao alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, wakimwita Kamanda, na kazi ilikwenda kwa kelele zake. Kamanda alipostaafu, Matroni, muuguzi mkuu wa hospitali nzima, alishuka zile ngazi, akakagua rafu, akauliza nani amekunja rundo lile lililonyooka kama tofali. Wakamwonyesha dada. Akapewa funguo palepale.

Alirudi nyumbani akakaa kitini bila kuvua viatu. Nilidhani amefukuzwa. Aliponieleza nilipiga vigelegele, naye akanitazama kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu na mwenyewe hajulikani alikokwenda.

“Kufua najua,” akasema. “Kumwambia mtu mzima fanya hivi, fanya vile, huo ulimi sina.”

Nikamwambia amwombe Mungu ampe ulimi. Akasema ameshaomba tangu kwenye ngazi.

Walikuwa wanawake watano pamoja naye. Mashuka ya wodi na foronya kila mmoja aliyaweza. Kazi yenyewe hasa ilikuwa mafurushi ya chumba cha upasuaji. Kitambaa kinakunjwa kwa kwenda na kurudi, halafu kona mbili za juu zinageuzwa nje, ili muuguzi ashike hizo kona tu na kitambaa kifunguke chenyewe, mkono wake usiguse upande utakaomlalia mgonjwa. Vitambaa kadhaa vinafungwa pamoja, vinaingia kwenye tanuri la mvuke linaloua vijidudu, na saa moja kamili asubuhi toroli linapanda kwa lifti. Kona ikikunjwa ndani, muuguzi ataitafuta kwa vidole, na akishagusa kusipoguswa, furushi zima halifai tena.

Sasa dada, kwa kuwa hakuweza kumwambia mtu amekosea, akabuni njia yake. Alisifia kila kitu. Wenzake walipoondoka saa tisa alasiri, alifunga mlango kwa ndani, akafungua mafurushi yote waliyoyafunga, akayakunja upya mwenyewe. Alifanya hivyo kila siku kwa miezi mitano. Alifika nyumbani mgongo umepinda, nami nikimuuliza ananiambia kazi ni nyingi. Nilimwonea fahari. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilidhani mkubwa wa kazi ni yule anayechoka kuliko wote.

Aliyemfumania alikuwa rafiki yake, mwanamke mrefu waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa amesahau mwavuli. Alirudi, akagonga, akafunguliwa baada ya muda, na juu ya meza akaona mafurushi yake mwenyewe yamefunguliwa kama mizigo ya mtu anayeshukiwa wizi. Redio hakusema neno. Alichukua mwavuli akaondoka. Dada aliniambia baadaye kwamba angetukanwa angelala usingizi, lakini kule kunyamaza kulimkondesha.

Kesho yake wote wanne walikunja ovyo. Kona huku, kona kule, vitambaa vimefungwa kama nguo za mtu anayehama kwa kufukuzwa. Dada alisimama mbele ya meza akakosa pa kuanzia. Mwishoni akauliza kwa sauti ndogo kulikoni.

“Si utakunja tena?” Redio akamjibu. “Tunakupunguzia kazi ya kukunjua.”

Wengine wakacheka, na dada akacheka nao, halafu akaingia stoo akalia.

Angepata nafasi ya kutengeneza mambo, lakini wiki ileile mimi nilishikwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza. Uzazi ulikuwa mgumu, dada akakaa nami wodini siku mbili. Alikuwa kwenye jengo lilelile, ghorofa tatu juu ya meza yake, na hakushuka hata mara moja. Siku ya pili asubuhi mafurushi matatu mfululizo yalifunguliwa yakatupwa kando, na mgonjwa aliyekuwa ameshalazwa mezani alisubiri karibu saa nzima huku vitambaa vingine vikitafutwa. Mgonjwa alipona, namshukuru Mungu. Lakini Matroni hakuwa mtu wa kusahau.

Alimwita dada ofisini. Akamwambia kwamba kile chumba kina watu watano na mikono miwili. Kulikuwa na kampuni ya nje iliyokuwa ikiomba kazi ya kufua kwa muda mrefu, na wakubwa walikuwa wanaelekea kukubali. Matroni akampa miezi mitatu. Baada ya hapo dada angekaa nyumbani wiki nzima, asikanyage hospitali. Toroli likichelewa hata siku moja, au furushi moja likirudishwa, kazi inakwenda nje na wote watano wanakwenda nyumbani.

Usiku ule aliswali nikamsubiri mpaka chai ikapoa. Alipokunja mswala alisema jambo moja tu: kwamba Mungu amemwonyesha aibu yake kwa njia ndogo, na angeweza kumwonyesha kwa kifo cha yule mgonjwa.

Asubuhi aliwakusanya mezani kabla mashine hazijawashwa. Haya nimeyasikia kwa Redio, maana dada mwenyewe hakupenda kuyarudia.

“Nilikuwa nakunja tena kazi zenu,” aliwaambia. “Si kwamba mlikosea sana. Niliogopa kuwaambia, na kuwaachia niliogopa zaidi. Nisameheni.”

Mkubwa wao kwa umri, mama mwenye wajukuu, alisema yameisha. Redio hakukubali yaishe haraka hivyo.

“Miezi mitano, Dada. Unatusifia mchana, jioni unatufumua. Mimi nilikuwa nakwenda nyumbani najisifu kwa mume wangu.”

Dada akasema ndiyo, amefanya hivyo. Hakujitetea. Kisha akawaeleza maneno ya Matroni yote, bila kuficha lile la kampuni, na Redio akawa wa kwanza kuvuta kitambaa.

Nadhani hapo ndipo dada yangu alipoanza kuwa kiongozi, ingawa yeye angelicheka neno hilo. Alikwenda kwa Matroni akaomba kitu ambacho hakuna mtu wa chini aliyewahi kuomba: kila mmoja wao apande juu asubuhi moja, asimame nje ya kioo cha chumba cha upasuaji aone furushi likifunguliwa. Miaka yote walikuwa wanayapakia kwenye lifti na lifti inayameza. Hata dada alikuwa hajawahi kuona.

Redio alipanda wa kwanza. Pale mlangoni alimkuta bibi mmoja kwenye kitanda cha magurudumu akingoja zamu yake, na yule bibi akamshika mkono akamwita daktari. Redio akamwambia hapana mama, mimi ni wa mashuka. Bibi hakumwachia. Walikaa hivyo mpaka akaingizwa ndani, kisha Redio akaona kwa kioo vidole viwili vya muuguzi vikishika kona mbili, na kitambaa kikamwangukia yule bibi taratibu kama mtu anavyomfunika mtoto wake. Aliporudi chini hakuongea mpaka saa nne. Wenzake wakasema leo stesheni imekatika umeme.

Baada ya hapo kila wiki mmoja wao alishika meza. Yeye ndiye aliyekagua, yeye ndiye aliyesema hili lirudiwe, na kumwambia dada pia kama amekosea. Dada alikaa kwenye kigoda pembeni na mikono yake ameikalia, namaanisha ameikalia kweli, viganja chini ya mapaja, maana isingekuwa hivyo ingekwenda yenyewe mezani. Redio alikuwa akiuliza kama waongeze mawe juu. Siku moja yule mama mwenye wajukuu alirudisha furushi la dada kwa kona iliyolegea. Dada aliniletea habari hiyo nyumbani kama zawadi.

Ikafika wiki ya kukaa nyumbani. Nilikuwa namnyonyesha mtoto, na kwa siku saba niliishi na mtu aliyepanda na kushuka kama maji ya kuchemka. Aliosha kuta. Alikunja nepi za mwanangu kwa kwenda na kurudi, kona nje, nikamwambia mtoto hajapangiwa upasuaji. Kila alfajiri alikuwa macho, na ilipokaribia saa moja aliacha alichokishika akasimama tu katikati ya chumba. Hakuna aliyepiga simu. Siku ya tatu alisema kunyamaza huku ni kubaya. Siku ya tano alisema pengine ni kuzuri. Siku ya saba alipanga viatu vyake mlangoni tangu mchana.

Alirudi kazini siku ya nane. Toroli lilikuwa limepanda saa moja kila siku, na halikurudi furushi hata moja. Matroni alishuka mwenyewe kuwaambia kwamba kazi inabaki. Wakashangilia mpaka walinzi wakaja kuuliza. Jioni nilimtegemea dada aingie akicheka, naye alicheka, lakini alipokuwa anavua viatu aliniambia kitu ambacho sijakisahau.

“Nimefika pale, mdogo wangu, nikazunguka meza nzima. Hapakuwa na kitu cha kufanya. Namshukuru Mungu, lakini moyo umeniuma kidogo. Nilikuwa nimezoea kuhitajiwa.”

Nilimwambia ninamhitaji mimi, akanipiga kibao cha bega akasema huyo mtoto analia, nenda.

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Waliomkuta pale walijifunza, na wengine wakahama na kuwa wasimamizi mahali pengine. Kisha maradhi ya figo yalimshika, akawa anakwenda kazini siku tatu, halafu mbili, halafu akawa anakwenda hospitali ileile kwa mlango wa mbele. Alilala kwenye mashuka yao wiki tatu. Hakulalamika. Alifariki Jumanne, mchana, mimi nikimshika.

Baada ya mazishi walinipigia nikachukue vitu vyake kabatini. Nilikwenda alfajiri, kabla ya joto. Na nitasema ukweli, maana Mungu anaujua hata nisiposema: nilipokuwa nashuka ngazi nilitamani nikute pameharibika. Nilitamani nione rundo limeanguka, mtu anauliza funguo ziko wapi, mtu anasema angekuwepo Dada. Nilitaka dunia iwe imepinda mahali fulani kwa ajili yake.

Palikuwa pamenyooka. Mashine zilikuwa zinazunguka. Msichana mpya, aliyefanya kazi na dada miezi michache tu, alikuwa ameshika meza, akamrudishia Redio furushi lake kwa utulivu. Redio akalifungua akalikunja upya, yeye mtu wa miaka yote ile pale. Kisha akaniona, akanikumbatia, akanikalisha.

Nilimuuliza kwa hasira ambayo nilijaribu kuimeza, “Hamkusimama hata siku moja?”

Redio hakuona vibaya. Alinifuta uso kwa upande wa khanga yake.

“Tulisimama, bibie. Jumanne ile tulisimama hapa tukalia mpaka tukakauka. Ila kesho yake saa moja toroli lilipanda. Lingekaa chini, ungemwambia nini dada yako?”

Nilikaa na mfuko wa vitu vyake mapajani: kandambili, kitana, chupa ya chai. Saa moja ilipofika msichana yule alihesabu mafurushi kwa macho, akasukuma toroli, lifti ikafunga, na wote wanne wakageukia meza kuanza ya kesho. Hiki ndicho alichokiomba kwa miaka yote, na Mwenyezi Mungu alimpa akiwa hai akakiona. Ninamshukuru kwa hilo kila swala. Lakini nilikuwa mtu pekee mle ndani asiye na kazi mikononi, na juu kwenye madirisha viatu vya watu vilikuwa vinapita, jozi moja moja, nami sikuwa na wa kunieleza ni vya nani.